Pantoni ya Dakika 15: Modeli Moja, Majibu Mawili

Sentensi iliyotuponza ilikuwa fupi: "Pantoni huondoka kila baada ya dakika 15 kwa wastani." Ilikuwa ukurasa wa nne wa ripoti yetu, chini ya kichwa "Maelezo ya modeli". Niliisoma mimi, akaisoma mteja, akaisoma na dada aliyekuja kupokea kazi, na hakuna aliyeuliza swali. Ilieleweka. Kumbe kila mmoja wetu aliielewa kivyake.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaniuma. Nimeshaona kazi nzuri za uigaji wa kompyuta, au simulesheni kama tunavyoziita kazini, zikifika mkono wa pili na hakuna tena anayejua zinasema nini. Programu ipo, ripoti ipo na grafu zipo, lakini modeli yenyewe, yaani ile picha ya jinsi mfumo unavyofanya kazi, imeondoka na mtu aliyeitunga.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Ofisi moja ilituomba tukadirie abiria wa miguu anasubiri muda gani upande wa Feri, pale Magogoni, Dar es Salaam, kabla ya kupanda pantoni kwenda Kigamboni. Daraja la Nyerere lilifunguliwa kule Kurasini Aprili 2016, na wenye magari wengi walihamia huko. Lakini mtu anayeshuka daladala Posta na nyumba yake iko Tungi, njia yake bado ni maji. Safari ya kuvuka ni ya dakika chache tu. Kinachomaliza muda ni kusubiri. Jambo jingine la kukumbuka, maana litarudi mbele: mlango wa bandari uko palepale. Meli inayoingia au kutoka hukatiza njia ya pantoni, na pantoni huisubiri ipite.

Programu ya kwanza iliandikwa na kijana mmoja hodari sana, kwa lugha ya kompyuta ya Python, mistari kama mia nne. Akapata kazi Dodoma, akatuachia faili kwenye flashi na namba yake ya simu. Ripoti yake ilisema abiria anasubiri dakika 7.8 kwa wastani. Mteja akaridhika.

Miezi ilipita, mteja akarudi na swali jipya: itakuwaje chombo kimoja kikienda matengenezo? Dada aliyepokea kazi alijaribu kuiendesha ile programu, ikagoma, maktaba zake, yaani programu saidizi inazozitegemea, zilikuwa zimebadilika matoleo. Akaamua aiandike upya kwa kufuata ripoti. Nasisitiza hapa kwamba hakukosea. Ripoti ya modeli ikiwa imekamilika, hilo ndilo jambo linalopaswa kuwezekana. Kabla ya kugusa swali jipya alifanya kama mtu makini anavyofanya: akaendesha hali ileile ya zamani kwanza, aone kama atapata 7.8.

Akapata 15.

Akarudia kwa mbegu nyingine ya namba nasibu, yaani namba ya kuanzishia bahati ndani ya kompyuta, ikaja 15 na pointi kidogo. Akanipigia saa mbili usiku. "Kaka, ama mimi nimekosea, ama pantoni imekuwa mbovu mara mbili."

Wala hakuwa amekosea, na pantoni ilikuwa vilevile.

Kosa liko wapi

Tulifungua programu mbili kando kwa kando. Kijana wa kwanza alikuwa ameandika kwamba pengo kati ya pantoni moja na inayofuata ni namba yoyote kati ya 10 na 20, zote zikiwa na uwezekano sawa. Wastani wake ni 15. Dada alikuwa ametumia mtawanyo wa eksponenshali, ule unaofundishwa darasani kwa foleni karibu zote, ambamo mapengo mafupi ni mengi na marefu sana yapo machache. Wastani wake nao ni 15. Kila mmoja alikuwa mwaminifu kwa sentensi ya ukurasa wa nne.

Hesabu yake si ngumu, na nadhani kila anayefanya kazi za foleni angeifanya kwa mkono walau mara moja. Abiria anafika wakati wowote bila kuangalia ratiba. Mtu wa namna hiyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuangukia ndani ya pengo refu kuliko fupi, kwa sababu pengo refu limechukua sehemu kubwa zaidi ya saa. Kwa hiyo muda wake wa kusubiri hauamuliwi na wastani wa pengo peke yake. Unachukua wastani wa miraba ya mapengo (kila pengo likizidishwa kwa lenyewe), unaugawanya kwa mara mbili ya wastani wa pengo. Pantoni ikiondoka kila dakika 15 kamili, ni 225 gawanya kwa 30, yaani dakika 7.5. Mapengo yakiwa kati ya 10 na 20, wastani wa miraba ni 233.3, jibu 7.8. Kwa eksponenshali wastani wa miraba ni 450, jibu 15. Wastani wa pengo ni uleule katika hali zote tatu, lakini anayepigwa na jua pale nje ya geti, muda wake umeongezeka maradufu.

Kilichofuata kilikuwa kwenda kuangalia. Nilikaa Feri Jumanne moja asubuhi na daftari, karibu na wauza kahawa, nikaandika dakika kati ya kila kuondoka na kuondoka kwa saa mbili: 12, 14, 13, 31, 11, 12, 16, 11. Jumla 120. Wastani, safari nane, ni 15 kamili, na nilipoipata ile namba nilikaa kimya kwanza. Miraba yake inajumlika kuwa 2,112, wastani 264, gawanya kwa 30: dakika 8.8. Si 7.8, wala si 15.

Ile 31 ilikuwa meli ya makontena. Ilikuwa inaingia taratibu, imevutwa na tagi, na pantoni ilikuwa imeshajaa watu ikaisubiri. Pengo hilo ni moja kati ya manane, lakini dakika 31 kati ya 120 ni asilimia 26. Watu wakifika kwa kasi ileile asubuhi yote, zaidi ya robo yao wameangukia humo, na kwa wastani wamesubiri dakika 15 na nusu. Hao ndio wanaofika kazini wamechelewa na kueleza kwamba "pantoni ilisimama". Modeli zote mbili zilikuwa hazina meli kabisa. Kijana wa kwanza alijua habari za meli, anakaa Kigamboni. Zile 10 na 20 alizipata kwa kukadiria siku isiyo na meli. Aliliweka hilo kichwani, akaandika "kwa wastani".

Saa moja ni saa ngapi

Ningependa kusema kosa lilikuwa hilo tu. La pili lilikuwa baya zaidi, na lilikuwa letu sisi watu wa huku hasa.

Abiria walihesabiwa na vijana wawili, katika vipindi viwili: asubuhi kuanzia saa 12 hadi saa 4, na jioni kuanzia saa 10 hadi saa 2 usiku. Mmoja alikuwa anaandika saa kama anavyoitamka, kwa Kiswahili. Mwingine alikuwa ananakili anachokiona kwenye simu. Kwa hiyo katika safu moja ya jedwali la Excel kuna mstari umeandikwa 1:20 na mwingine 7:22, na yote miwili ni asubuhi ileile, tofauti ya dakika mbili.

Ndani ya programu ya kwanza kulikuwa na mistari hii, bila neno lolote la maelezo:

if saa == 12: saa = 6
elif saa < 5: saa = saa + 6

Dada aliiona, ikamshangaza, akaiacha nje ya programu yake kwa sababu ripoti haikuitaja. Alipomuuliza kijana kwa WhatsApp, jibu lilikuja haraka: "Dada ile ni kwa ajili ya wale walioandika saa za Kiswahili." Basi. Jambo lililohitaji aya nzima kwenye ripoti lilikuwa limekaa kwenye simu ya mtu Dodoma.

Kwa kipindi cha asubuhi mistari ile ni sahihi. Saa 12 inakuwa 6, saa 1 inakuwa 7, na 7:22 ya simu inabaki 7:22. Sasa peleka mistari hiyohiyo kwenye jioni. Abiria aliyeandikwa 12:10, yaani jioni jua likizama, anageuka kuwa wa 6:10 alfajiri. Wa saa 1:05 usiku anakuwa wa 7:05 asubuhi. Wa saa 10:30 jioni anaachwa 10:30, na kompyuta inamwona wa kabla ya mchana. Ni wale tu walioandikwa kwa simu, kwa mfano 17:40, waliobaki mahali pao. Jedwali lilikuwa na safu ya kuonyesha kipindi ni asubuhi au jioni, ila programu haikuisoma.

Matokeo yake, sehemu ya msongamano wa jioni ilimwagwa juu ya asubuhi. Ripoti ilitangaza kwamba upande wa Feri unazidiwa asubuhi. Mkazi yeyote wa Kigamboni angekwambia hapana: asubuhi watu wanakuja mjini, banda linalojaa ni la ng'ambo; Feri inajaa jioni watu wakirudi nyumbani. Sisi tulikuwa na grafu nzuri, hatukumwuliza.

Kuondoa mistari ile, kama alivyofanya dada, kuliwapeleka abiria wa asubuhi saa saba usiku wa manane. Kuiacha kuliwapeleka wa jioni asubuhi. Wote wawili walikuwa wanajaza pengo ambalo maelezo ya modeli yaliliacha wazi.

Lugha za kusema modeli

Hapo ndipo tulipoacha kurekebisha programu tukaanza kuuliza swali jingine: modeli inaandikwaje ili mtu asiyemjua mtunzi wake aweze kuijenga tena? Swali hili ni la zamani kuliko wengi wetu tulivyodhani.

Mwaka 1961 Geoffrey Gordon wa IBM alitoa GPSS, lugha ya kuigia foleni ambayo mfumo mzima unaandikwa kama vituo ambavyo wateja wanapita. Kitu kimoja ndani yake kingetuokoa. Ukitaka kitu kitokee kila dakika 15 kamili unaandika GENERATE 15. Ukitaka kitokee baada ya muda wowote kati ya 10 na 20 unaandika GENERATE 15,5, yaani 15 jumlisha au toa 5. Ukitaka mtawanyo mwingine, unautaja. Huwezi kuandika "15 kwa wastani" ukaondoka. Lugha yenyewe haina mahali pa kulificha jambo hilo.

Wanorwe Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, pale Oslo katika miaka hiyohiyo ya 1960, walitunga Simula. Mwongozo wake wa 1965 uliitambulisha kuwa lugha ya kuprogramu na pia ya kuelezea mifumo inayobadilika kwa matukio. Maneno hayo mawili yamewekwa pamoja kwa makusudi: maandishi yaleyale yanayoendeshwa na kompyuta ndiyo mtu anayoyasoma aelewe mfumo. Simula 67 ilileta madaraja (classes) na vitu (objects), ambavyo leo kila mwanafunzi wa programu anavijua kupitia C++ na Java. Mimi naona dunia ilichukua nusu moja ya kazi yao, ile ya kuprogramu, na ile ya kuelezea ikabaki nyuma.

Kisha kuna DEVS, namna ya kuelezea modeli aliyoitoa Bernard Zeigler mwaka 1976, ambayo ni hesabu tupu. Kila sehemu ya mfumo inaelezwa kwa mambo machache: hali inazoweza kuwa nazo, kinachoingia, kinachotoka, inakaa katika hali fulani kwa muda gani, inageuka vipi muda huo ukiisha wenyewe, na inageuka vipi ikiguswa kutoka nje kabla haujaisha. Tena inakulazimisha useme, matukio mawili yakigongana kwenye sekunde moja, lipi linatangulia. Mtu anaweza kuona ni unyanyasaji. Mimi baada ya kisa hiki naona ni huruma kwa anayekuja.

Watu wa baiolojia wamefika mbali zaidi yetu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wana SBML, namna ya kuandika modeli za kemia ya seli katika faili ambayo programu nyingi tofauti zinaisoma, na wana hifadhi ya pamoja iitwayo BioModels kule Uingereza. Hata hivyo, mwaka 2021 watunzaji wa hifadhi hiyo walichapisha matokeo ya kujaribu kuzirudia modeli 455 kutoka kwenye makala zilizochapishwa. Karibu nusu, asilimia 49, hazikurudiwa kwa kutumia maelezo yaliyomo kwenye makala pekee. Niliposoma hiyo namba nilimtumia dada. Alikuwa amejilaumu kwa wiki nzima.

Tulichokichagua sisi ni ODD. Ilitolewa mwaka 2006 na Volker Grimm na wenzake, waandishi 28 kwa jumla, wengi wao wataalamu wa ikolojia waliochoka kusoma modeli za wanyama na miti zisizoweza kurudiwa; ikaboreshwa 2010 na 2020. Si lugha ya kompyuta. Ni mpangilio wa kuandika kwa maneno ya kawaida, wenye sehemu saba zinazofuatana daima kwa utaratibu uleule: lengo la modeli, vitu vilivyomo na vigeu vyake (mambo yake yanayobadilika) na vipimo vyake, michakato na ratiba yake, dhana za usanifu, hali ya kuanzia, data zinazoingizwa, na modeli ndogondogo zilizomo ndani. Uzuri wake ni kwamba sehemu isiyo na jibu haiwezi kufichika. Ukifika sehemu ya sita, data zinazoingizwa, unatakiwa useme zimetoka wapi na zimeandikwa vipi. Ukurasa ukiwa mtupu, utupu unaonekana.

Udhaifu wake ni kwamba ni maneno, na maneno yanavuja. Ndiyo maana kwa pantoni yenyewe tuliongeza jedwali la namna ya DEVS, na kwa kila sehemu yenye bahati nasibu tukaweka hesabu.

Kuandika kwa Kiswahili

Tulibishana kidogo kuhusu lugha ya hati. Mazoea ni kuandika Kiingereza, eti ndiyo ya kitaalamu. Mimi nilishikilia Kiswahili kwa sababu moja ya kikazi: wanaoijua pantoni ni wahudumu wa geti, manahodha na wauza kahawa. Hati wasiyoweza kuisoma hawawezi kuisahihisha.

Kwa hiyo kitu cha kwanza katika sehemu ya pili kikawa hiki: "Pantoni. Hali: inapakia, inavuka, inashusha, imesimamishwa na meli. Waliomo: namba nzima kuanzia 0 hadi uwezo wa chombo. Muda uliobaki katika hali hii: dakika." Cha pili ni abiria, mwenye dakika ya kufika na upande alipo. Cha tatu ni meli. Meli ilipopata mstari wake kwenye hati, ikapata na mahali kwenye programu: kuondoka kwa kawaida kuna mtawanyo wake, kusimamishwa na meli kuna wake, havichanganywi tena kuwa wastani mmoja.

Sehemu ya data ilichukua sentensi tatu. Saa zote ni za mfumo wa 24, kuanzia 00:00 usiku wa manane. Karatasi iliyoandikwa saa za Kiswahili inageuzwa kwa mkono, ikisomwa pamoja na safu ya kipindi, kabla ya kuingizwa. Programu haigeuzi saa.

Sehemu ya ratiba ndiyo iliyotutoa jasho. Modeli yetu inatembea dakika kwa dakika. Ndani ya dakika moja, je, abiria wapya wanafika kwanza halafu pantoni inaondoka, au pantoni inaondoka kwanza? Linaonekana jambo dogo. Chukua pantoni ya kila dakika 15 kamili. Abiria wakitangulia, aliyefika dakika ileile ya kuondoka anasubiri 0, na wastani wa 0 hadi 14 ni 7. Pantoni ikitangulia, huyo huyo anasubiri 15, na wastani wa 1 hadi 15 ni 8. Dakika nzima ya tofauti kwa kubadilisha mistari miwili nafasi. Tuliandika: pantoni kwanza, abiria baadaye, na anayefika dakika ya D anahesabiwa amefika katikati ya dakika hiyo. Wastani unarudi kuwa 7.5, unaokubaliana na hesabu ya mkono.

Nani anabaki chombo kikijaa? Tuliandika kwamba geti likifunguliwa hakuna foleni, anayeingia anachaguliwa kwa nasibu. Hii haibadilishi wastani wa kusubiri, ila inabadilisha sana muda wa yule aliyekosa bahati mara mbili, hivyo ripoti sasa inatoa namba zote mbili.

Mwishoni mwa hati tukaweka majaribio matatu yenye majibu yaliyokokotolewa kwa mkono, chombo kikiwa hakina kikomo cha abiria: pengo la 15 kamili litoe 7.5, eksponenshali itoe 15, yale mapengo manane ya Jumanne, yakirudiwarudiwa, yatoe 8.8. Anayejenga asipopata haya, asiendelee.

Mtu wa tatu

Hati ilikuwa kurasa sita. Tukampa mwanafunzi mmoja aliyeko Morogoro, bila programu yoyote, tukamwomba aijenge kwa lugha nyingine kabisa ya uigaji. Alichagua NetLogo, ile iliyoanzishwa na Uri Wilensky mwaka 1999, kwa sababu ndiyo aliyoifahamu. Sharti lilikuwa moja: asitupigie simu. Kila atakachokwama aandike swali na jibu alilojichagulia, kisha aendelee.

Majaribio matatu aliyapita yote. Tulipoongeza kikomo cha abiria, namba zake zikaachana na zetu, hasa jioni. Pantoni zake zilikuwa zinaondoka mapema mno.

Katika daftari lake la maswali tulikuta sentensi yetu wenyewe: "Pantoni ikijaa huondoka." Yeye aliijenga hivi: abiria wa mwisho akiingia, chombo kinaondoka dakika hiyohiyo, hata kama muda wa ratiba bado. Sisi tulimaanisha kwamba muda wake ukifika na imejaa, inaondoka na walioingia, waliobaki wanasubiri. Kile kisilabi "-ki-" kinabeba "kama", "pindi" na "wakati" kwa pamoja. Katika mazungumzo hakina shida, muktadha unasaidia. Kwenye hati ya modeli kilikuwa ni "kwa wastani" nyingine, safari hii ndani ya kitenzi.

Tukarudi Feri na kurasa zetu. Mhudumu mmoja wa geti, mzee mwenye subira, alikaa nasi tukamsomea sehemu ya ratiba kwa sauti. Alituacha tumalize, ndipo akatueleza kwamba sote tulikuwa tumekosea. Chombo kikijaa kinafungwa na kuondoka bila kungoja saa, ila tu kama ng'ambo pana nafasi ya kuegesha. Kama chombo kingine bado kinashusha kule, hiki kinakaa kimejaa, watu wamesimama, mpaka kule pawe wazi. Hatukuwa na kitu kinachoitwa nafasi ya kuegesha popote kwenye hati. Sasa kipo, sehemu ya pili, kitu cha nne, chenye kigeu kimoja: wazi au imeshikwa.

Sentensi ya zamani ikafutwa. Iliyopo sasa inasomeka hivi: "Katika dakika yoyote ambapo waliomo ni sawa na uwezo wa chombo, na nafasi ya kuegesha ya ng'ambo iko wazi, na hakuna meli mlangoni, pantoni inaondoka katika dakika hiyo. Ikiwa imejaa lakini sharti la pili au la tatu halijatimia, inabaki katika hali ya inapakia na geti limefungwa." Ni ndefu, haina mvuto. Mwanafunzi aliijenga mara moja, na namba zake na zetu zikakaribiana kiasi kwamba kilichobaki ni bahati ya mbegu.

Swali la mteja kuhusu chombo kimoja kwenda matengenezo tulilijibu kwa mistari miwili kwenye grafu, siku yenye meli na siku isiyo na meli, pamoja na barua ya kueleza kwa nini namba ya 7.8 inaondolewa. Barua hiyo ilikuwa ngumu kuiandika kuliko programu.

Hati tulimtumia pia kijana wa Dodoma. Ilikuwa heshima tu, modeli ni yake kwa asili. Alijibu baada ya siku mbili: "Kaka, mvua mmeiweka wapi?"

Tukafungua programu yake ya kwanza tena. Mstari wa 312 unapunguza idadi ya abiria wanaofika, unaizidisha kwa 0.6, kwa siku zilizowekewa alama kwenye safu ambayo tuliiona siku zote tukadhani ni alama ya ukaguzi. Ile 0.6 imetoka wapi, yeye mwenyewe hakumbuki vizuri. Anadhani ni kwa kuangalia masika moja. Imeingia kwenye toleo la nne, sehemu ya saba, na pembeni yake tumeandika: haijapimwa. Masika ikianza, dada na mimi tutakaa pale Feri na daftari.